Uzi wa Pamba na Gari la Milango Mitatu

Ruhuwiko, Songea
5 Septemba 1997

Kwa mwanangu Shakila,

Ninaanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye hakuna safari inayotimia ila kwa idhini yake. Amani na rehema zake zikufikie wewe, mume wako na wajukuu zangu huko Dar es Salaam. Sisi huku tunaendelea kwa neema yake. Mama yako anakusalimu, na ananiagiza nikuambie kwamba vitenge ulivyomtumia ni vizuri, isipokuwa kimoja kina rangi inayompa ujana asioutaka. Nimeyaandika kama alivyoyatamka.

Nimeisoma barua yako kuhusu gari mara mbili, mara ya pili kwa sauti, ili mama yako naye aisikie. Ninyi watoto wetu mmekubaliana kutununulia gari, nasi tumelipokea neno hilo kwa shukrani kabla ya kuliona gari lenyewe. Miaka yote niliyosomesha chuo cha Kurani niliamini kwamba mwalimu hahitaji zaidi ya miguu yake. Sasa ninayo sababu ya kubadili msimamo.

Sababu hiyo unaijua. Mjomba wako Majaliwa, Mungu amrehemu, atatimiza mwaka tangu atutoke, na hitima yake itasomwa Tunduru Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Rajabu. Siku hiyo jina lake litapewa mrithi. Wewe umelelewa hapa Songea, mbali na Wayao wa mama yako, kwa hiyo ninakukumbusha: kwao jina la mkubwa wa ukoo halichukuliwi na yeyote anayelitaka. Hutamkwa. Na anayelitamka ni dada mkubwa wa marehemu, kwa kinywa chake mwenyewe, mbele ya ndugu. Dada huyo ni mama yako. Asipofika kabla mwaka haujageuka, jina hulala, na ukoo hubaki bila mtu wa kusuluhisha wala wa kuozesha. Sheria ya dini haikuliamrisha jambo hili, wala haikulikataza. Lakini kuunga undugu kumeamrishwa, nami nimemwahidi mama yako kwamba atafika.

Njia ya Tunduru unaifahamu. Kabla ya mvua ni mchanga na vumbi. Baada ya mvua si njia tena.

Unasema katika ofisi yenu yamefika magari mawili ya kampuni moja, na kwamba mnaweza kuchagua. Niandikie sifa za kila moja bila kupamba. Pamoja na mambo ya injini, nijibu na haya: Viti vya nyuma vyaweza kulazwa pakawa sakafu moja? Mlango wa nyuma hufunguka kwenda juu au kwenda pembeni? Na kutoka mlango huo hadi mgongo wa kiti cha dereva pana nafasi gani? Usiniulize kwa nini. Nijibu kama shahidi anavyojibu mbele ya kadhi.

Mungu akuhifadhi.

Baba yako,
Bashiru

*

Dar es Salaam
16 Septemba 1997

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na ya mama pia umfikishie, umwambie kile kitenge asichokitaka akitunze, nikija nitakichukua mimi ninayeutaka ujana.

Baba, nimefanya kazi uliyoniagiza. Mchana wa jana badala ya kwenda kula nilivua viatu, nikawa naingia na kutoka kwenye magari hayo pale uwanjani kwetu karibu na bandari. Mkuu wangu wa kazi, Bwana Otto, akanipita na mafaili yake akasema, "Dada Shakila, unanunua gari au unahamia?" Nikamwambia nanunua kwa niaba ya mwalimu wangu, na mwalimu huyo hapokei jibu la nusu.

Yote mawili ni Toyota, yote yametumika Japani, na yote huvuta kwa magurudumu manne. Lakini ukiyaweka pamoja huwezi kudhani yana baba mmoja.

La kwanza ni Prado, lile refu la milango mitano. Linatumia dizeli. Limejengwa juu ya chasisi kama lori, limenyanyuka, na ukiliwasha linanguruma taratibu kama mzee anayesafisha koo kabla ya kutoa neno. Mchanga wa Namtumbo halitauogopa. Dizeli mtaipata popote palipo na trekta au lori la tumbaku. Ila kupanda kwake kunataka mguu hodari. Mama itabidi ashikwe mkono.

La pili ni RAV4, fupi, milango mitatu, la petroli. Hili ni jepesi, linageuka papo hapo kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu mkuu. Halina sauti. Liko chini, mama ataingia kama anavyokaa kwenye kiti cha sebuleni. Lakini lina viti vinne tu, na mtu wa nyuma lazima amsubiri wa mbele ashuke kwanza. Petroli mtabeba na madumu.

Sasa maswali yako. Milango ya nyuma ya yote mawili hufunguka pembeni. Kwenye Prado nilikunja viti vyote vya nyuma, nikalala mwenyewe chali. Nilijinyoosha hadi vidole vya miguu, na kichwa hakikugusa kiti cha dereva. Kwenye RAV4 nilikunja viti, nikalala, magoti yakanijia kidevuni. Walinzi wa getini walicheka sana.

Kwa safari ya Tunduru, kwa mizigo na kwa wageni wenu wengi, mimi ninachagua refu. Yupo mfanyabiashara wa Mbeya naye analitaka, lakini Bwana Otto amesema atanisubiri.

Nimejibu kama shahidi. Ila shahidi naye ana moyo, Baba. Kwa nini urefu?

Mwanao,
Shakila

*

Songea
20 Septemba 1997

Kwa mwanyumba wangu Daimu, Tunduru,

Amani ya Mungu iwe juu yako na juu ya nyumba yako. Mimi nawe tumeoa dada wawili wa tumbo moja, na kwa hiyo yapo mambo ambayo siwezi kumwambia mtu mwingine ila wewe. Hili mwambie Stumai mkeo, kisha liishie hapo.

Halima wangu aliteleza katika ngazi za uani tulipokuwa tukijiandaa kwa Maulidi, na mfupa wa nyonga ulipata ufa. Sikuwaandikia kwa sababu alinikataza. Daktari wa hospitali ya misheni ameniambia mfupa unaunga vizuri, na kwamba anaweza kusafiri, kwa sharti moja: asafiri amelala. Kuketi bado. Juzi alijaribu kuketi anywe chai kwa heshima ya wageni. Hakulalamika, lakini nililiona jasho lililomtoka, na chai haikunywewa.

Watoto wanatununulia gari. Shakila ananiuliza kwa nini ninataka kujua urefu wa sakafu yake, nami siwezi kumjibu. Mama yake amesema hivi, nami ninanukuu: "Shakila akijua, kesho yuko hapa na tiketi ya ndege. Atanipeleka kwa madaktari wa Dar wanipime kipande kimoja baada ya kingine mpaka Rajabu iishe, na jina la kaka yangu litalala." Nimemsihi. Amekataa. Mwili ni wake na kaka ni wake, kwa hiyo nimenyamaza.

Unitengenezee kwako chumba ambacho kitanda chake kinaonekana kutoka mlangoni, ili ndugu wamsikie akitamka amelala. Tutafika, Mungu akipenda.

Wako,
Bashiru

*

Tunduru
28 Septemba 1997

Mwalimu,

Salaam. Barua yako ilifika kwa mkono wa kondakta, imepata mafuta ya kula lakini inasomeka. Stumai alilia, halafu akasimama, akaanza kufagia chumba saa ile ile, kana kwamba tayari mko njiani, Namtumbo.

Nikwambie ukweli, kaka, huku maneno yameanza. Wale ndugu wa ukoo wa ng'ambo ya Mto Muhuwesi wana mtu wao wa kupewa jina. Walikuja kwangu kununua korosho, wakakaa kwenye magunia, mmoja wao akasema, "Huyo dada mkubwa amekaa Songea mpaka amekuwa Mngoni. Njia ya kwao ameisahau." Mimi sikujibu, kwa sababu anayetarajiwa kupewa jina ni mwanangu Shukuru, na baba akifungua mdomo ataonekana anampigia kampeni. Lakini Stumai alitoka jikoni na mwiko. "Subirini Rajabu," akawaambia, "mtajua kama ni Mngoni au ni dada yangu." Wakaondoka bila korosho. Biashara yangu mke wangu ndiye anaiua.

Shukuru mwenyewe yupo shambani kama kawaida. Ukimuuliza anasema, "Mama mkubwa akifika, atasema. Asipofika, nitapalilia."

Njia imechimbika. Magari ya wanunuzi wa madini yamekata makorongo mpaka unaweza kumficha ng'ombe. Na mawingu mwaka huu yana haraka. Msikawie.

Daimu

*

Songea
1 Oktoba 1997

Mwanangu Shakila,

Mungu akulipe kwa uaminifu wa majibu yako. Umeyaeleza magari hayo hata nimeyaona, na mama yako amelipenda lile la chini kwa sababu ya utulivu wake. Mimi ninakubaliana nawe: tuchukue refu.

Bado ninataka yakini. Wewe ni mfupi, mwanangu, na kulala kwako hakunitoshi kuwa ushahidi. Kwa hiyo nimepima mwenyewe. Rula ya chuo haifai kwa kazi hii, nami sizioni tena tarakimu ndogo. Nimetumia uzi mweupe wa pamba, nikaukata, nikaufunga fundo pande zote mbili. Umo humu ndani ya bahasha. Uulaze kutoka mlango wa nyuma kuelekea kiti cha dereva. Ukinyooka wote bila kupinda, hilo ndilo gari letu, na lije kabla ya mwisho wa mwezi.

Ninajua umeniuliza kwa nini. Ninakuomba uniache bila kujibu, si kwa sababu sikuamini. Na usimwandikie mama yako kwamba nimekutumia uzi.

Baba yako,
Bashiru

*

Dar es Salaam
13 Oktoba 1997

Baba yangu,

Shikamoo.

Uzi wako nimeupokea. Niliulaza kwenye Prado kama ulivyoagiza, ukanyooka wote na nafasi ikabaki. Nikaulaza kwenye RAV4, ukapinda.

Nimekutumia RAV4.

Tafadhali soma hadi mwisho kabla hujakasirika. Mwaka jana, mjomba Majaliwa alipokuwa amelala kule Tunduru, mimi nilikuwa mlangoni nimeshika chetezo. Nilikuona ukiingia. Ulitoa mfukoni uzi mweupe wa pamba, ukaulaza ubavuni mwake toka utosini hadi nyayoni, ukaukata, ukaufunga fundo, ukawapa vijana waliokwenda kuchimba kaburi. Tangu siku ile ninajua uzi ule ni wa nini, na kwamba katika mji wa Songea hakuna anayeujua kuliko wewe.

Na sasa umenitumia uzi mweupe wa pamba, Baba, ndani ya bahasha. Una fundo pande zote mbili. Unataka sakafu ya kulaza kitu kirefu. Ukauliza kama mlango hufunguka pembeni, ambapo watu wanaweza kusimama na kuvuta kwa unyoofu. Mama asijue. Wewe ndiye mrefu nyumbani kwetu.

Ulinikataza kuuliza, sikuuliza. Ulinikataza kumwandikia mama, sikumwandikia. Lakini hukunikataza kukataa, na mimi nimekataa. Sitanunua gari la kukubeba umelala. Kama daktari amekwambia jambo, utaniambia nikija Desemba, nami nitalipokea nikiwa nimekushika mkono; lakini hutajitengenezea jeneza na kunipa mimi kazi ya kulipima.

Gari hili halina pa kumlaza mtu. Utakwenda Tunduru umeketi kiti cha mbele, mkanda kifuani, na utarudi umeketi. Mama atakaa nyuma yako na kukusema njia nzima.

Anayelileta ni Polycarp, dereva wa kwenu Songea, mtu wa heshima, Mkatoliki anayejua kusimamisha gari saa za sala bila kuombwa. Lile refu nimeliachia wa Mbeya.

Nisamehe. Au usinisamehe, lakini keti.

Mwanao,
Shakila

*

Songea
26 Oktoba 1997

Shakila mwanangu,

Ni mimi mama yako. Barua hii naandika mwenyewe kwa herufi zangu za elimu ya watu wazima, nimelala chali, kwa hiyo mistari ikipanda mlima usishangae.

Jana gari lilifika. Baba yako alisoma barua yako amesimama uani. Akavua miwani. Akainamisha kichwa mpaka nikadhani kuna msiba. Kisha nikasikia sauti sijaisikia tangu uolewe: baba yako anacheka. Alicheka hadi kofia ikamdondoka, huku machozi yanamtoka, halafu akaja akapiga magoti kwenye mkeka wangu, akasema, "Halima, nimewaosha na kuwazika watu wa mji huu, nikasahau uzi wangu unasema nini kwa mtoto wangu." Akanisomea yote.

Sasa nisikilize. Baba yako ni mzima. Jana alikula ugali na mlenda, akaongeza. Anayetakiwa kusafiri amelala ni mimi. Nimevunja nyonga. Mfupa unaunga, daktari ameruhusu, ila kukaa siwezi. Uzi ule ulipimwa kwenye godoro langu, na mto juu yake. Mimi ndiye niliyemfunga mdomo baba yako, kwa sababu nakujua. Ungekuja na ndege. Kwa hiyo lawama zote lete kwangu, lakini ulete baada ya Rajabu, sasa hivi sina nafasi.

Tulipomaliza kucheka tukalitazama gari. Zuri! Jeupe kama kanzu ya Iddi. Na fupi kweli. Polycarp akachungulia ndani, akanitazama pale mkekani, akasema, "Mama, gari nimeleta. Abiria yuko wapi?"

"Abiria ni hili gogo unaloliona."

Akajikuna kichwa. Baba yako akasema tukodi lori la tumbaku, godoro liwekwe juu ya marobota. Nikamwambia, "Mwalimu, nikifika kwetu juu ya marobota watasema nimeuzwa." Akasema basi tumwandikie Shakila abadilishe. Nikamwambia, "Barua inakwenda, barua inarudi, mvua imekwishanyesha." Nikalitazama lile gari tena, mlango wa mbele uko wazi. Nikauliza, "Polycarp, kile kiti cha mbele kimeota mizizi?"

"Kimefungwa bolti, Mama."

"Na kilicho nyuma yake?"

"Nacho bolti."

"Una spana?"

Baba yako hakupendezwa. "Halima, kiti cha mbele ndicho cha heshima. Mke wa mwalimu atalalaje pale, miguu kwenye dashibodi?" Nikamwambia heshima ni kufika. Polycarp alikuwa tayari yuko chini ya kiti, tunaona miguu tu. Viti viwili vya upande wa kushoto vikatoka, vikawekwa barazani, majirani wakaja wakavikalia. Godoro likaingia kwa mlango wa nyuma, likanyooka hadi mbele kabisa, kama mkate tanurini. Nikabebwa na shuka, nikalazwa, miguu mbele, kichwa nyuma, na baba yako akaketi kile kiti kilichobaki nyuma ya dereva. Magoti yake yamekunjika, lakini mkono wake unafika kichwani kwangu. Tukazunguka hadi barabara ya uwanja wa ndege na kurudi. Halikuniumiza. Hilo gari lako halina kelele, Shakila, linapita kwenye shimo kana kwamba linaomba radhi.

Tunaondoka baada ya Ijumaa hii, asubuhi. Usije. Ukija nitarudi nyumbani nisitamke jina, na wale wa ng'ambo ya Muhuwesi watakushukuru wewe.

Mama yako,
Halima

*

Dar es Salaam
3 Novemba 1997

Baba na Mama,

Shikamooni. Barua ya Mama imefika leo asubuhi. Nimeisomea nyuma ya makabati ya ofisi, nikacheka na kulia kwa wakati mmoja, Bwana Otto akaniletea maji akidhani nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimefufukiwa.

Mama, nyonga! Tangu Maulidi! Lawama nimeziweka, nitazileta baada ya Rajabu kama ulivyoagiza, na zitakuwa nyingi.

Baba, wewe ulimpimia mama kitanda, mimi nikakuona umejipimia kaburi.

Yule wa Mbeya bado hajalichukua lile refu. Bwana Otto amekubali tubadilishe. Niandikieni neno moja tu, na Prado litakuja Tunduru limrudishe mama amelala kama malkia, na hilo fupi lirudi huku. Barua hii naipitishia Songea, mtu wa basi ameahidi itawafuata.

Niambieni kama mmefika. Niambieni kama ametamka.

Shakila

*

Tunduru
12 Novemba 1997

Kwa mwanangu Shakila,

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu aliyetufikisha. Barua yako imetufuata hadi huku, nami ninakujibu kwa utaratibu, kwa sababu mambo ni mengi na yote ni ya heri.

Tuliondoka Songea Jumamosi baada ya sala ya alfajiri. Hadi Namtumbo hatukuwa na la kusema. Mbele ya hapo tulikuta lori la tumbaku limezama katikati ya barabara, na magari mengine yamepanga mstari, madereva wamelala kivulini. Polycarp alishuka, akatazama msitu wa kando, akaniuliza, "Mwalimu, niombee?" Nikamwambia aendeshe, kuomba niachie mimi. Akaingia kati ya miti, akageuza hapa, akageuza pale, mahali ambapo nisingempitisha mbuzi, na tukatokea mbele ya lori. Siwezi kusema kwamba lile refu lisingepita. Sikuwa nalo, na sishuhudii nisichokiona. Ninachoshuhudia ni kwamba hili limepita, na kwamba mama yako wakati wote huo alikuwa akinisimulia alivyoyaona matawi ya miti yakipita juu ya kioo, jambo ambalo mtu aliyeketi halioni.

Ijumaa tulisoma hitima. Ndugu walikuja kutoka kila upande, na wale wa ng'ambo ya mto nao walikuja, wakakaa kwa pamoja. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mama yako atolewe nje na kitanda chake. Saa ilipofika akakataa. "Nikibebwa hadi mbele yao," akasema, "wataniona mzigo. Nirudisheni garini, mlisogeze gari uani, mfungue mlango."

Tukafanya hivyo. Polycarp akalirudisha gari kinyumenyume taratibu hadi lilipofika mbele ya mikeka, akashuka, akafungua mlango wa nyuma kwenda pembeni, akasimama mbali kwa adabu. Mama yako alikuwa amelala, kichwa kwetu, uso juu, ushungi umefungwa vizuri. Manyunyu yalikuwa yameanza. Hakuna aliyeinuka.

Mmoja wa wale wa ng'ambo akasema, si kwa sauti ya chini, "Tuliambiwa amekuwa Mngoni."

Mama yako hakuinuka kumtazama, kwa sababu hawezi. Akasema, "Mngoni huyo amefika. Shukuru, njoo."

Shukuru, mtoto wa Stumai, akaja na miguu yenye udongo wa shambani, akapiga magoti kwenye matope, sikio lake karibu na kinywa cha mama yake mkubwa aliyetoka mbali. Mama yako akamwambia neno ambalo sisi hatukulisikia, ni lao. Kisha akavuta pumzi, na nikaona mkono wake umeshika ukingo wa godoro kwa nguvu, akalitamka jina la kaka yake mbele ya wote, sauti kavu, bila kutetemeka: "Majaliwa!"

Akaitika yule kijana. Stumai akapiga kigelegele kilichowashtua kuku. Wale wa ng'ambo wakatazamana, kisha mkubwa wao akainuka, akaja, akampa Shukuru mkono na kumwita kwa jina lake jipya. Daimu, ambaye kwa miezi hii alijizuia kusema, alizungumza hadi jioni.

Mama yako yuko vizuri. Daktari wa hapa amemwona, amesema mfupa unakwenda sawa. Ndugu hawataki aondoke, naye hataki kuondoka. Atabaki kwa dada yake hadi njia ikauke, akirudi atarudi ameketi. Ndiyo sababu ninakuandikia neno moja ulilolitaka: usibadilishe. Mwache mtu wa Mbeya achukue Prado lake, Mungu ambariki nalo. Gari letu ni hili. Viti vyake viwili viko barazani Ruhuwiko, na nimesikia majirani wamevizoea.

Limebaki jambo la uzi. Usinirudishie, ushonee nguo za wajukuu, utumike kwa walio hai, kama nilivyoukusudia. Umekataa kunipimia, nami nilipoitafakari barua yako nilimshukuru Mungu aliyenipa binti mwenye kiburi cha namna hiyo. Siku yangu ipo, Shakila. Mimi siijui, wala daktari hakuniambia lolote. Itakapofika, sitahitaji milango mitano wala mitatu. Mabega ya waumini yatanitosha.

Kesho ninarudi Songea, wanafunzi wanangoja. Nitakwenda kama ulivyoniamuru: nimeketi, mkanda kifuani.

Baba yako,
Bashiru